Swichi za kustaki: Uliza moduli na kebo kabla ya kulipa

Shule moja ya bweni nje kidogo ya Moshi imeniandikia kwa uchungu. Walinunua swichi mbili za mtandao za Cisco Catalyst 2960-X zilizotumika, muuzaji akawahakikishia kwamba zinastaki, yaani zinaungana na kufanya kazi kama swichi moja. Fundi alipozifunga kwenye raki na kuchungulia nyuma, pale pa kuchomeka moduli ya kustakia palikuwa na kifuniko cha bati tu. Moduli haipo, kebo haipo. Swichi zenyewe zinastaki kweli, ila vifaa vya kustakia huuzwa kando, na hilo hawakuambiwa mpaka walipopiga simu kulalamika. Hoteli na ofisi za utalii za hapa Arusha zinanieleza habari hiyohiyo kila mara. Kwa hiyo mambo ya idadi ya poti na PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao) nawaachia wauzaji. Mimi nazipanga swichi kwa jambo moja: ili ziwe kitu kimoja, unahitaji kuongeza nini, na unakipata wapi?

Ya kwanza kwangu ni Aruba CX 6200F, na sioni haya kuipigia debe. Inastaki kwa VSF, njia ya Aruba ya kustaki, kupitia poti zilezile za kasi za SFP+ zilizo mbele, hadi swichi 8. Hakuna moduli ya kusaka. Kwenye raki moja unatumia kebo fupi za shaba ziitwazo DAC. Jengo likiwa mbali, unavuta faiba ya single-mode (ya masafa marefu) yenye moduli za mwanga za LR zinazofika kilomita 10, na swichi ya mapokezi na ile ya bwenini zinabaki staki moja. Kwa hoteli na shule zetu zilizojengwa kwa mabloku yaliyotawanyika, hilo pekee lanitosha. Gharama yake ni kwamba poti mbili za SFP+ kati ya nne zinaliwa na staki, hivyo hesabu mapema. Na usichanganye na Aruba 2930F za zamani: hizo zina mfumo mwingine wa uendeshaji, hazitaungana nazo.

Ya pili, Cisco Catalyst 9200L. Swichi imara sana, staki ya hadi 8. Lakini kifurushi cha kustakia ni cha kuagiza kando, na swichi mpya huagizwa pamoja na leseni ya DNA, ya programu za Cisco, ya muda maalumu. Pia 9200L haistaki na 9200 isiyo na L. Herufi moja tu, na fedha imekwenda.

Ya tatu, 2960-X ya mtumba, ikiwa tu inakuja na moduli zake za kustakia, FlexStack-Plus, na kebo zake. Hapa soma lebo kwa makini. Jina likiishia na LL, mfano WS-C2960X-24TS-LL, hiyo ni LAN Lite, toleo lililopunguzwa uwezo, na haistaki kabisa, hata ukiletewa moduli. Unayoitaka inaishia na L moja. Hakikisha pia zote zina toleo moja la IOS, programu endeshi ya Cisco, maana swichi yenye toleo tofauti inaweza kukataa kujiunga.

UniFi na MikroTik ni za bei nafuu na zinafanya kazi vizuri, ila swichi zao za kawaida hazistaki. Kuziona zote kwenye skrini moja si kustaki, hata muuzaji aseme nini.

Sasa kebo. Staki inatakiwa ifunge duara: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na ya mwisho irudi kwa ya kwanza. Usipoifunga, swichi ya katikati ikizimika staki inakatika vipande viwili. Kwa Cisco, kebo ya sentimita 50 inafika kwa jirani, lakini ya kurudi kutoka chini ya raki hadi juu mara nyingi inataka mita 1 au 3. Profoma (hati za bei kabla ya malipo) nyingi ninazotumiwa zina kebo fupi tupu, na swichi tatu zimeandikiwa kebo mbili! Siku ya kufunga, zima swichi mpya kabla ya kuichomeka kwenye staki, na ile unayotaka iongoze staki ipe kipaumbele cha 15, cha juu kabisa kwa Cisco.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja bei za bidhaa kwa fedha za kigeni hapa nchini, lakini bado mteja wa Njiro anaandikiwa dola, VAT ya asilimia 18 inaibuka mwishoni, na moduli inaitwa "nyongeza" baada ya malipo ya awali. Mrudishie profoma yake. Aiandike upya kwa shilingi, VAT ikiwa ndani, moduli na kebo kila moja kwenye mstari wake, na urefu wa kebo utajwe.