Tisheti ya MHUNI: maandishi makali, kola majanga
Nimeichukua elfu 15 kwa machinga Kariakoo, nyeusi, kifuani MHUNI kwa herufi nyeupe. Nishafua mara nne maandishi hayajabanduka, ila kola aisee imelegea kama ulimi wa mbwa. Sasa mzee wangu alivyoiona akanuna, maana kwake mhuni ni mtu hana kazi hana makazi, enzi za mkoloni walikuwa wanakamatwa Dar wanarudishwa kijijini, halafu 1983 ikaja Nguvu Kazi, ile kampeni ya serikali ya kuwatoa mjini wasio na kazi, ikawasomba tena. Sisi huku "oya wahuni wangu" ni salamu tu ya washkaji, na mhuni ni mwana anayejua kujiongeza. Saizi zinabana, L ni kama M. Kwa mzee naivalia shati juu.