Blue Train ya John Coltrane: mwaka wa tatu naisikiliza na bado sijaichoka

Kama jazi kwako ni Western Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz na dansi letu lote lile, hii albamu itakushangaza kidogo mwanzoni, maana hakuna anayeimba, gitaa hakuna hata moja, na wimbo wa kwanza unakaribia dakika 11. Usizime. Mimi nilizima mara mbili kabla haijanikolea, na ndo maana naandika hapa, kwa sababu naona mtu akiuliza aanzie wapi na Coltrane, yule mpuliza saksafoni wa Marekani, anapelekwa moja kwa moja kwenye kazi za mwishomwisho za miaka ya 60 ambazo hata wazoefu zinawatoa jasho, akitoka hapo anasema jazi ya Wamarekani ni kelele. Aanzie hapa.

Ilirekodiwa siku moja tu, Jumapili tarehe 15 Septemba 1957, kule Hackensack, New Jersey, nyumbani kwa wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder, sebule yao ndo ilikuwa studio. Coltrane alikuwa amebakiza siku nane tu atimize miaka 31, na huo mwaka ulikuwa mzito kwake jamani. Mapema mwaka huo mpiga tarumbeta Miles Davis alimtoa kwenye bendi kwa ajili ya unga na pombe, akarudi zake Philadelphia kwa mama yake akaviacha, halafu akaingia kupiga na mpiga piano Thelonious Monk pale klabu ya Five Spot, New York. Kwa hiyo unayemsikia humu ni mtu aliyetoka kupona na mikono inamuwasha kufanya kazi. Mimi nikishajua hilo nilirudia albamu nzima upya, na ile saksafoni yake ya tena (tenor) ikawa haisikiki tena kama ya mtu anayeonyesha ufundi, inasikika kama ya mtu mwenye haraka ya kusema mambo mengi aliyoyabana muda mrefu.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, ndo roho yake. Tarumbeta ya Lee Morgan (alikuwa na miaka 19, kumi na tisa!), tromboni ya Curtis Fuller na saksafoni zinaingia pamoja taratibu kama zinauliza kitu, piano ya Kenny Drew inajibu, zinauliza tena. Nilimsikilizisha dada yangu ambaye ni wa kwaya miaka na miaka, jazi hajawahi kuitafuta, akaniambia hizo ni sauti tatu zimepangwa vizuri hakuna anayemfunika mwenzake, hawa watu wamefanya mazoezi. Na kweli, Blue Note, kampuni iliyoirekodi, walikuwa na desturi ya kuwalipa wanamuziki siku za mazoezi kabla ya kurekodi, kitu ambacho kampuni nyingine hazikuhangaika nacho.

Baba mdogo yeye ni mtu wa dansi, ujana wake aliumalizia ukumbini. Akakaa kimya muda wote wa Coltrane, alipoingia Lee Morgan akasogeza kiti. "Mwanangu, umesikia hapo? Dramu imebadili mwendo, hapo ndo kwenye chemko." Nilikuwa nimeusikiliza huo wimbo labda mara mia na sikuwahi kukisikia hicho kitu, Philly Joe Jones wa dramu na Paul Chambers wa besi wanaenda kama mwendo umekuwa mara mbili wakati wimbo wenyewe uko palepale. Sasa hivi kila nikiuweka nasubiri hapo.

Moment's Notice ndo wimbo wangu mimi, mchangamfu, kodi (chords) zinabadilika haraka haraka lakini melodi inabaki kichwani, na Chambers anapiga besi kwa upinde kama fidla kubwa. Hapo tafadhali tumia hedifoni au spika inayoeleweka, kwenye spika ya simu besi inapotea yote na ukikosa besi umekosa nusu ya albamu. I'm Old Fashioned ni wimbo wa zamani wa Jerome Kern na Johnny Mercer, wa polepole, Coltrane anaupuliza bila mbwembwe kabisa, mtu ambaye ana uwezo wa kumwaga noti mia anachagua chache. Hapo dada alifunga macho.

Locomotion kwangu ndo dhaifu kidogo, una kasi na wote wanapiga vizuri ila haukai moyoni kama wenzake. Lazy Bird unaomalizia ni mtamu, tarumbeta ndo inashika melodi.

Kitu kimoja cha kuangalia, matoleo mengine kwenye apu za muziki yameongezewa marudio ya nyimbo zilezile ambayo hayakutumika mwaka 1958 albamu ilipotoka. Mgeni ataona kama wimbo unajirudia bila sababu. Sikiliza zile nyimbo tano za awali kwanza, kwa mpangilio wake, marudio utayarudia ukishanogewa. Wa santuri, toleo la 2022 lipo la mono na la stereo.

Juzi baba mdogo kanipigia, anataka nimwekee kwenye flashi aisikilize kwenye redio yake, na kasisitiza ule wimbo wa kwanza niuweke mara mbili.