Diski ya tano imeingia na filamu hazikusimama: uzoefu wangu na OpenZFS 2.3

Seva yangu ya Jellyfin (programu ya kutazamia filamu zako mwenyewe nyumbani) ilikuwa na diski nne za terabaiti 8 kwenye RAIDZ1, yaani kundi moja la diski linaloendeshwa na mfumo wa kuhifadhi faili wa ZFS, na ilikuwa imejaa asilimia 91. Zamani dawa ilikuwa moja tu: hamisha kila kitu, vunja, jenga upya. OpenZFS 2.3, toleo la ZFS lililotoka Januari 2025, imetuondolea mateso hayo kwa kuturuhusu kuongeza diski kwenye kundi lililopo, na nashukuru sana.

Kwanza niliendesha zpool scrub, amri ya kukagua data yote, mpaka ikamaliza bila kosa hata moja. Hapo usipaharakishe. RAIDZ1 inavumilia kufa kwa diski moja tu, na upanuzi unazifanyisha zote kazi nzito kwa wakati mmoja. Picha za familia tayari zilikuwa na nakala rudufu pembeni. Kisha nikafanya zpool upgrade ili kuwasha vipengele vya toleo jipya, hatua isiyo na kurudi nyuma.

Diski mpya niliichomeka seva ikiwa inawaka, nikaandika zpool attach, amri ya kuiunganisha na kundi, nayo ikarudi papo hapo huku upanuzi ukiendelea nyuma ya pazia. Jioni hiyo watu watatu nyumbani walikuwa wakitazama vitu vitatu tofauti, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Kazi yenyewe ilichukua karibu siku tatu. Nilichokiona ni uzito wa kuruka mbele kwenye filamu za 4K: picha ilikawia sekunde nne, tano hivi. Nilipohamishia folda ya transkodi (video zinazobadilishwa muundo wakati wa kutazamwa) kwenye SSD, hali ikawa nafuu.

Kwenye nafasi ndipo wengi watashtuka. Faili za zamani hubaki na mpangilio wao wa awali, sehemu tatu za data kwa moja ya pariti (data ya akiba ya kuokolea diski ikifa), hadi ziandikwe upya. Hata nafasi iliyobaki hukadiriwa kwa uwiano huo wa zamani, kwa hiyo utaona pungufu ya ulichopiga hesabu. Ili kuziandika upya, nilinakili folda ya gigabaiti 40 kwa cp, amri ya kawaida ya kunakili, ikaisha kufumba na kufumbua. Nikashuku. Kumbe cp ilikuwa imeelekeza jina jipya kwenye bloku (vipande vya data kwenye diski) zilezile, haikuandika chochote! Rsync, programu nyingine ya kunakili, ndiyo iliyoandika upya kwelikweli. Lakini bado nafasi haikurudi, mpaka nilipofuta snapshoti (picha za hali ya faili za wakati fulani) za zamani zilizokuwa zimeshikilia bloku za awali.

Filamu zote nimeshazimaliza. Zimebaki tamthilia, naziandika upya msimu mmoja kila usiku, watu wakiwa wamelala.