Uzoefu wangu: miaka miwili ya kukarabati nyumba ya magogo ya zamani kwa pesa ya kuungaunga

Nimeona watu wengi wanauliza kama nyumba ya magogo ya zamani inafaa kununuliwa na kukarabatiwa kama huna pesa nyingi, nikasema ngoja niandike ya kwangu yote, vitu nilivotumia, vilivofanya kazi na vile ambavyo nisingevigusa tena. Sio fundi mimi, ila kazi karibu zote tumefanya wenyewe, mimi na mume wangu, wikiendi na likizo, kwa miaka miwili.

Nyumba tuliikuta imeshakaa miongo kadhaa. Magogo mazito, ya mviringo, katikati ya gogo na gogo wamejaza udongo wa saruji wa zamani ulioanza kupasuka na kudondoka vipande vipande. Ndani giza kabisa, vanishi ya kung'aa iliyogeuka rangi ya chungwa kwa uzee, nje magogo yamekua ya kijivu na upande mmoja unaopigwa na mvua na jua yana madoa meusi. Wote waliokuja kutuangalia walianza kuzungumzia ndani, jiko, taa, sakafu. Na sisi ndo tulikosea hapohapo mwanzoni, tukaanza na muonekano.

Kosa lenyewe lilikua hivi. Tulimuita fundi mmoja atusafishie nje, akaja na mashine ya maji ya presha kubwa, siku moja kamaliza nyumba nzima na ikaonekana mpya. Wiki ya pili akapaka vanishi nzito ya kung'aa, tukafurahi kwelikweli. Baada ya msimu mmoja wa mvua ikaanza kubambuka kama ngozi iliyoungua jua, na chini yake mbao imelowa. Nilivokuja kuelewa baadae, presha kubwa inachana nyuzi za mbao, inaacha uso wenye manyoya, na maji yanasukumwa ndani kwenye nyufa na kwenye maungio, halafu ukifunika na kitu kisichopumua hayo maji hayana pa kutokea. Gogo linaoza huku kwa nje linang'aa. Ile hela ilituuma sana maana ilikua ndo sehemu kubwa ya tulichoweka akiba, na vanishi yote ilibidi tuje kuitoa kwa mikono yetu.

Kuanzia hapo tukabadilisha mpangilio wote, pesa yoyote inaenda kwanza kule maji yanakoingilia, urembo utasubiri.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni kipima unyevu cha mbao, kile kidogo chenye sindano mbili unachochoma kwenye gogo kinakupa asilimia. Ni cha bei ya chini ukilinganisha na vingine vyote nilivonunua, na kama ungeniambia nichague kimoja tu ningechagua hicho. Ukungu unaoozesha mbao unahitaji unyevu, mbao ikibaki chini ya asilimia 20 hauendelei. Kwahiyo nilizunguka nyumba nzima na daftari, gogo kwa gogo, chini, katikati na juu, nikaandika namba. Kuta tatu zilikua kati ya 12 na 16, safi kabisa, ule ukuta wa mvua magogo mawili ya chini yalisoma 28 na pembeni kwenye kona hadi zaidi ya 30. Hapo ndo ukajua tatizo sio nyumba nzima, ni kona moja na magogo mawili. Huo ujuzi peke yake uliokoa pesa nyingi maana kuna mtu alikua ameshatuambia tubomoe ukuta wote.

Pamoja na hicho kipimo tumia nyundo na bisibisi. Gonga gogo, lililo zima linalia kwa sauti kavu ya juu, lililooza linatoa sauti nzito ya kitu kitupu. Ukisikia hivo choma na bisibisi, ikizama bila nguvu hapo pameisha. Angalia pia vumbi laini kama unga chini ya vitundu vidogo, hiyo ni wadudu wanabungua mbao, kama vumbi ni jipya wapo bado.

Sasa kwanini kona ile? Tukafatilia siku ya mvua, tukasimama nje na miavuli. Paa lilikua halina mfereji upande ule, maji yanadondoka moja kwa moja chini, yanapiga ardhi na kurukia magogo ya chini. Na wenye nyumba wa zamani walikua wamepanda maua na kurundika udongo mpaka ukagusa gogo la kwanza. Kingine, vichwa vya magogo kwenye kona vilikua vimetokeza nje kupita paa, na kichwa cha gogo kinanyonya maji haraka mno kuliko ubavu wake kwa sababu mishipa ya mti imekaa kama mirija iliyo wazi. Kwahiyo kazi ya kwanza kabisa ilikua mfereji wa maji ya mvua, kuchimba udongo mpaka gogo la chini likawa juu ya ardhi kama sentimita 40, kumwaga kokoto pale maji yanapodondoka, na kukata vile vichwa vya magogo viingie ndani ya kivuli cha paa, tukavikata kwa mshazari ili maji yasikae. Hakuna hata kimoja hapo kinachopendezesha kwenye picha. Lakini miezi mitatu baadae bila kupaka chochote yale magogo ya 28 yalikua yameshuka mpaka 19. Nilipiga kelele ya furaha siku ile.

Magogo yaliyooza. Moja lilikua limeoza kwa mbele tu kama theluthi ya unene, nyuma zima. Hapa hatukubadilisha gogo lote, tulikata ile sehemu mbovu kwa msumeno na patasi mpaka tukafika mbao ngumu, tukapaka dawa, tukaweka nusu gogo jipya lililokaushwa kwa mbele na kulifunga kwa skrubu ndefu. La pili sehemu ndogo tu kama ya kiganja, tukajaza na epoksi ya mbao, ile gundi ya kuchanganya inayokauka na kuwa ngumu. Epoksi ni nzuri kwa sehemu ndogo lakini usiitumie kujaza shimo kubwa, ni ghali na haijongei pamoja na mbao kwahiyo itaachia mwanya pembeni na maji yataingia tena. Gogo likiwa limeoza hadi ndani na limebeba uzito wa ukuta hapo tafuta fundi wa magogo mwenyewe, kunyanyua ukuta kwa jeki sio kazi ya kujaribia.

Dawa tuliyotumia ni ya chumvi ya boroni, unga unaochanganya na maji. Naipa nyota zote. Inaua ukungu na wadudu, haina harufu, na kinachonifurahisha inatembea yenyewe kwenda ndani ya mbao ikifata unyevu, yani pale penye unyevu zaidi ndo inaingia zaidi. Ila ina masharti mawili ambayo kwenye mfuko yameandikwa kwa herufi ndogo. Lazima mbao iwe tupu, haina rangi wala vanishi, mwagia maji kidogo kama yanajikusanya matone juu bado kuna kitu kimefunika, kama yanazama endelea. La pili inayeyuka kwenye maji, kwahiyo usiiache wazi mvua ikaiosha, ikikauka ifunike na rangi ya mbao.

Kutoa ile vanishi ndo kazi iliyonichosha maishani mwangu. Tulijaribu dawa ya kubambua, ikasaidia nusu, iliyobaki tukaisaga na grainda yenye msasa, kuta nne, karibu miezi miwili ya wikiendi. Mtu akiwa na pesa kidogo zaidi nasikia kuna mashine za kupuliza punje za magunzi ya mahindi yaliyosagwa, zinatoa rangi bila kuumiza mbao sana kama mchanga, ila sisi hatukuikodi kwahiyo siwezi kuipa alama. Vaeni barakoa nzuri sana, na kama rangi ni ya zamani mno inaweza kuwa na madini ya risasi, pimeni kwanza kabla hamjasaga. Na nje msasa usiwe laini sana, ishia namba 60 au 80, ukiilainisha mbao kama meza rangi haiingii.

Rangi ya nje tuliyopaka safari hii ni ile inayoingia ndani ya mbao, ya kuona mbao kidogo, yenye rangi kiasi sio ya kioo. Ile ya wazi kabisa isiyo na rangi haizuii jua, na jua ndo linaloifanya mbao kuwa kijivu. Tumepaka mikono miwili, mkono wa kwanza tulirudia kwa brashi kuisukuma kwenye nyufa. Mwaka mmoja umepita, haijabambuka popote, imefifia kidogo tu upande wa jua. Uzuri wake ikichoka haibambuki, unaosha unapaka juu yake.

Onyo moja hapa nalisema kwa uzito, kama unatumia mafuta ya kitani au rangi yenye mafuta hayo usirundike matambara yaliyolowa kwenye kona, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha. Yatandaze nje yakauke au yaweke kwenye ndoo ya maji. Unaishi kwenye nyumba ya mbao, usicheze na hili.

Kujaza kati ya magogo. Ule udongo wa saruji mgumu ulikua unapasuka kwa sababu gogo linanenepa na kukonda kwa upana kila msimu na saruji haivutiki. Tulitoa uliolegea, tukaweka kamba ya povu ndani ya mwanya, halafu juu tukapaka kijazo cha akriliki kinachovutika kama mpira, unene kama milimita 10. Ile kamba ya povu watu wanairuka kuokoa pesa, msiiruke. Kazi yake ni kufanya kijazo kishike gogo la juu na la chini tu kisishike nyuma, kikishika sehemu tatu hakina nafasi ya kuvutika kinachanika. Ukuta wa kwanza tuliruka sehemu, na palepale tuliporuka ndo pamechanika. Paka asubuhi au kivulini, nyunyiza maji kidogo halafu lainisha na mwiko. Kijazo ndo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote tulivonunua, hatukununua chote mara moja, tulifanya ukuta mmoja mmoja kadri hela inavopatikana, tukaanza na ule wa mvua.

Nyufa za kwenye magogo yenyewe zisiwatishe, gogo likikauka lazima lipasuke, nyumba haianguki. Sisi tulijaza zile tu zinazotazama juu zenye upana zaidi ya milimita 6 maana ndo zinakusanya maji. Zinazotazama chini ziacheni, maji yatoke.

Joto la nyumba nalo tulikua tunadhani magogo manene yanatosha. Sio kweli sana. Sufi ya madini, yale manyoya ya kuzuia joto yanayotengenezwa kwa mawe au kioo, ya sentimita 7 tu inazuia joto karibu sawa na gogo la sentimita 20. Lakini huwezi kufunika magogo yako yote kwa ndani halafu useme una nyumba ya magogo, kwahiyo tukaweka sufi darini, nene, na tukatafuta upepo unapoingilia kwa kutembeza udi unaofuka siku ya upepo. Moshi ukiyumba hapo pana mwanya. Mingi ilikua pale ukuta unapokutana na paa, kwenye kona na kuzunguka madirisha. Madirisha hatukubadilisha, tumeyarekebisha na kuweka mpira mpya. Mkibadilisha, juu ya fremu acheni nafasi ya gogo kushuka mjaze sufi, msiibane na misumari.

Ndani ndo tumekuja kufanya mwisho, na kwa hela ndogo. Kuta za magogo tumesaga kidogo, tukazipaka rangi nyeupe iliyozimuliwa na maji na kufutwa na kitambaa kabla haijakauka, mistari ya mti bado inaonekana na sebule imepata mwanga ambao sikuamini. Vifundo vya mti vinatoa utomvu wa njano juu ya rangi nyeupe, kwahiyo kila kifundo kipakwe kwanza praima ya shelaki, yani rangi ya chini inayozuia utomvu. Dari tumeipaka nyeupe kabisa. Umeme hapo hatukubana pesa, aliitwa fundi mwenye leseni, nyaya zimepita nyuma ya mbao za chini ya ukuta na kwenye bomba bapa.

Jiko bado makabati ni yale yale ya zamani, tumebadilisha vishikio tu. Choo bado. Jana baada ya mvua ya siku tatu nimetoka na kipimo changu nikachoma ile kona, imesoma 15.