Skana ya elfu sitini kwenye Fielder yangu, miezi mitano sasa

Niseme tu mapema mimi si fundi, nauza nguo hapa Busia upande wa Uganda, na mambo ya gari nilikuwa najua kuweka mafuta na kuangalia maji basi. Gari ni Toyota Fielder ya 2007, injini ya 1NZ ile ya 1500, na hii skana ya bluetooth, kadude ka kusoma makosa ya injini kupitia simu, niliinunua Kampala kwa shilingi elfu sitini siku gari iliponitesa njiani.

Ilikuwa hivi, natoka Busia alfajiri kwenda kuchukua mzigo, kupita Bugiri kidogo gari ikaanza kutetemeka, kila nikipanda kilima inakosa nguvu utadhani nimebeba simenti, mara taa ya injini hiyo ya njano ikawaka. Nikajikokota mpaka gereji moja ya njiani, fundi akasikiliza injini kama dakika moja hivi akasema boss hiyo ni sensa ya oksijeni, tafuta laki mbili na nusu. Umejuaje? Eti taa ikiwaka ni sensa. Nikamwambia ngoja nikatafute hela, nikaondoka zangu na mtetemeko wangu mpaka Kampala, kitu ambacho sasa najua ni ujinga, maana silinda isipochoma petroli inatoka mbichi inaenda kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi huko chini, na taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu ujue simama.

Sasa skana yenyewe. Ni kadude kadogo kama kiberiti, unakachomeka kwenye tundu chini ya usukani, unawasha swichi, unaunganisha na simu, namba ya siri yangu ilikuwa 1234, alafu unafungua programu, mimi natumia Torque. Ikaniletea kodi ya P0301, yaani namba ya kosa. Nikagugo, maana yake silinda namba moja inakosa moto. Hakuna habari ya sensa ya oksijeni popote!

Lakini hapa ndipo watu wengi wanaliwa pesa, kodi inakwambia wapi panauma haikwambii dawa. Silinda ikikosa moto inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, au nozeli inayopuliza petroli. Nilichofanya nikasubiri injini ipoe, nikatoa kifuniko cha plastiki, kila koili imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10, nikachukua koili ya silinda ya kwanza nikaihamishia ya tatu na ya tatu nikaileta ya kwanza, nikafuta kodi, nikazunguka na gari kidogo. Ikarudi P0303. Yaani ugonjwa umehama na koili! Nilicheka peke yangu pale parking kama mwendawazimu. Nikaenda soko la spea la Kisekka, Kampala, nikapata koili ya mtumba elfu sabini, na ukienda beba ya zamani mkononi ulinganishe pini nne za soketi na namba iliyoandikwa juu, za Toyota zinaanza na 90919, kwa sababu wa kwanza alinipa inayofanana kabisa kwa macho lakini namba ni nyingine. Tangu siku hiyo gari imetulia, hata mafuta ya kwenda Kampala yamepungua.

Kingine ninachokipenda inaonyesha volti. Gari ikiwa imezimwa usiku mzima batri nzima inasoma kama 12.6, ukiwasha inatakiwa ipande 14 hivi. Yangu ilikuwa inabaki 12.2 asubuhi, nikaona vichwa vya batri vina ule unga mweupe, nikatoa hasi kwanza, nikasugua na maji moto na magadi, ikapona bila kununua batri.

Mabaya yapo. Simu ya dada yangu ni iPhone, ilikataa kabisa kuiona, kwa iPhone tafuta ile ya WiFi. Premio ya shemeji ya 2002 tundu lipo lakini skana haisikii chochote, Wamarekani walilazimisha huu mfumo wa skana, unaitwa OBD2, kwenye magari yao tangu 1996 ila magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japan mengine yanaongea lugha yao. Taa ya ABS, ile ya breki, pia haisomi. Na usiiache imechomekwa gari ikiwa imelala, inanyonya batri polepole, mimi nililala nayo wikendi moja Jumatatu nikasukumwa na vijana wa boda hapa stendi, aibu.

Kwa elfu sitini naipa nne kati ya tano. Jana mmoja wa hao hao vijana wa boda kaja kuniuliza kama inaweza kusoma Bajaj yake inayotoa moshi, nikamwambia kaka, wewe huna hata tundu la kuichomeka.