Kujitolea kupanda mikoko Gazi: inafaa, lakini fuata maji

Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, ndiyo nyumbani kwa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanafanya biashara ya hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, kwa kutunza hekta 117, na mapato yake yameingia kwenye maji na shule. Kwa hiyo mche wako una mwenyewe wa kuutazama ukishaondoka, tofauti na zile siku za kupanda miti ambazo picha zikishapigwa, kila mtu kwao.

Mikoko ina aina nyingi; mgeni kwa kawaida hupewa ile iitwayo mkoko hasa (Rhizophora), maana ni rahisi. Mbegu yake huota ingali mtini. Iliyokomaa ina ukosi wa manjano chini ya tunda na huachia kwa kuguswa tu. Ukilazimika kuivuta, iache. Kagua matundu ya wadudu. Huhitaji jembe: ichomeke wima, theluthi moja ndani ya tope, mita moja toka jirani yake. Ikikaa juu juu, mkondo unaondoka nayo. Aina nyingine kama mchu na mlilana zina mbegu ndogo, hizo hupitia kitaluni kwanza.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kuchagua mahali. Mlilana hukaa mbele kwenye mawimbi, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku. Mkoko ukiupeleka kwa mkandaa unakauka. Ukiusogeza mbele mno, mawimbi yanaung'oa na chaza wanauganda hadi unalala. Uliza pia kwa nini hapo pamekuwa wazi. Kule Mwache, hori iliyo karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo uliofukia mizizi na kuua hata miti mikubwa, sembuse mche. Na kama miche inaota yenyewe, usipande kitu. Linda tu isikanyagwe.

Kasoro kwa mwenye haraka: ratiba si yako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo ndipo kazi hufanyika, kwa saa chache tu. Panga na wenyeji mapema, ukiwa na jedwali la maji mkononi. Gambuti acha nyumbani, tope litazinyonya. Ndala nazo hazikingi chaza. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba.