Lenzi ya sonara kwa wapenda okidi: chukua ya mara 10, achana na ya mara 30

Okidi zangu nyingi ni za nyanda hizihizi za Arusha. Aerangis nimezifunga kwenye vipande vya magome, Ansellia imejishikiza kwenye mparachichi, na chache za Pwani nimeziweka barazani zisipigwe na baridi ya Julai. Watu hunitumia picha kwenye WhatsApp: "Mama, hii ni aina gani?" Nami huwauliza kama wana lenzi. Picha ya simu inaonyesha rangi na madoa, na katika okidi hakuna kinachodanganya kama rangi na madoa.

Lenzi ninayoisifia ni ile ndogo ya masonara, inayokunjwa ikaingia kwenye ala yake ya chuma, kioo chake upana wa milimita 21. Niliinunua shilingi elfu thelathini kwa muuza vifaa vya masonara mjini. Alinitolea mbili, moja imeandikwa 10x na nyingine 30x, vioo upana uleule. "Mama, hii ya thelathini inaona zaidi, na bei yake ni nafuu." Nikamwomba rula. Lenzi inayokuza mara 10 huona vizuri kitu kikiwa umbali wa sentimita 2.5 hivi, inayokuza mara 30 kweli inataka kitu kiwe chini ya sentimita 1. Ile ya "30x" ilisoma maandishi madogo ya noti kutoka karibu umbali uleule na mwenzake. Mzee muuzaji akajaribu mwenyewe, akakubali. Kipimo hicho kifanyeni dukani kabla ya kutoa pesa, kwa sababu namba iliyochongwa kwenye ala haithibitishi kitu.

Sasa kazi yenyewe. Kuna okidi nyeupe zenye mkia mrefu wa nekta ambazo ukiziona kwa mbali ni kama shilingi kwa ya pili: Aerangis kwa upande mmoja, Angraecum kwa upande mwingine. Zote huwavuta nondo usiku kwa harufu. Ua la Aerangis limekaa kama nyota, na mdomo wake, yaani petali ya tatu ya okidi, unafanana na petali nyingine. Mdomo wa Angraecum umebonyea, na sehemu yake ya chini inaikumbatia ile nguzo fupi ya katikati ya ua. Hapo ndipo lenzi inapolipa gharama yake. Itazame nguzo kwa chini: kwenye Aerangis utaona kijincha chembamba kilichochomoza, kwenye Angraecum mahali pale pamepasuliwa katikati. Mara ya kwanza kuona mpasuko ule kwa uwazi, na chavua imekaa juu yake, nilibaki barazani mpaka jua likaondoka.

Tofauti nyingine lakini hazihitaji lenzi, na lazima niseme hivyo hata kama naisifia. Aerangis brachycarpa na Aerangis confusa ziko zote mbili huku Kaskazini na Kenya, na ni mwaka 1979 tu ambapo Joyce Stewart aliitenga confusa kwa jina lake. Kinachozitenganisha haraka ni rula: mkia wa brachycarpa hufika sentimita 12 hadi 20, wa confusa ni sentimita 4 hadi 6. Aerangis kotschyana nayo utaijua kwa macho matupu, kwa sababu mkia wake umejisokota. Na Angraecum eburneum ya Pwani, ile inayopewa jina giryamae, ina mdomo mweupe mpana unaoelekea juu na sepali, yaani vijani vya nje vya ua, za kijani. Huhitaji hata miwani.

Ansellia africana ndiyo inayowasumbua wengi. Moja ina njano tupu, jirani yake ina mabaka ya kahawia mpaka njano inakaribia kupotea, na wauzaji huzitoza bei tofauti kana kwamba ni aina mbili. Huko nyuma wataalamu nao waliwahi kuzigawa chini ya majina kadhaa. Leo huhesabiwa aina moja. Weka lenzi kwenye mdomo wa kila ua: ncha tatu zilezile, matuta yaleyale ya njano katikati. Lipia mabaka kama unayapenda, lakini usilipie jina.

Lenzi haitakusaidia mmea usipokuwa na ua, wala kwenye Phalaenopsis za madukani, ambazo karibu zote ni chotara wa chotara. Usijitese kuzitafutia jina la aina.

Namna ya kuitumia: lenzi ibandike karibu na jicho, kisha ua ndilo lisogezwe mpaka lionekane vizuri. Mwanga utoke ubavuni. Kama ua ni moja tu na hutaki liharibike, usiiguse nguzo yake. Chavua ikishanaswa kwenye kidole ua hunyauka haraka. Kioo kifute kwa kitambaa cha miwani, si kwa khanga, maana vumbi la huku hukichuna. Yangu bado haina mkwaruzo, na bawaba ya ala imelegea kidogo tu. Naipa nyota tano kati ya tano, na rula ya shilingi mia tano naipa vilevile.